Mafunzo ya udaktari bingwa wa uzazi nchini Tanzania

Mafunzo ya udaktari bingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake ni masomo ya uzamili yanayomwandaa daktari kutibu matatizo ya mimba, ya kujifungua na ya viungo vya uzazi vya mwanamke.

Nchini Tanzania hutanguliwa na shahada ya udaktari ya miaka 5 na mafunzo tarajali ya mwaka 1. Uzamili wenyewe huchukua miaka 3 au zaidi, k.mf. Muhimbili (Dar es Salaam), KCMC (Moshi) au Bugando (Mwanza). Darasa kuu ni wodi: mwanafunzi hushika zamu za usiku, hupasua chini ya uangalizi wa mabingwa, tena huandika tasnifu.

Vituo hivyo vyote viko mijini. Mzazi anayevuja damu Yaeda Chini, bonde la Wahadzabe na Wadatoga wilayani Mbulu, hawezi kungoja bingwa wa Moshi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, iko wilaya hiyohiyo, ila njia za bondeni hupitika kwa shida wakati wa masika. Kwa sababu ya uhaba huo wa mabingwa, kwa miongo mingi madaktari wasaidizi nao walifundishwa upasuaji wa kujifungulia, na ndio waliowapasua wanawake wengi wa vijijini.