Sauti, Maandishi na Muda: Uwekaji Alama za Wakati katika Matini Simulizi, kwa Mfano wa Mahoo, Taveta

Hadithi ya Kitaveta iliyochapwa kitabuni siyo hadithi iliyosimuliwa. Iliyosimuliwa ilikuwa na sauti, na sauti hiyo ilikuwa na muda wake: msimulizi alianza, akasita, wasikilizaji wakamjibu kabla hajamaliza, akaharakisha mahali fulani na kuyavuta maneno mahali pengine. Aliyeinakili aliyaandika maneno akauacha muda. Makala haya yanakusudia kueleza namna ambavyo matini simulizi yaweza kurudishiwa muda wake kwa kutumia alama zinazoandikwa katika kurasa za wavuti, na kuonyesha kwamba kazi hiyo, ambayo kwa kawaida huachiwa mafundi wa kompyuta, ni sehemu ya uhariri wa matini na kwa hiyo yamhusu mwanaisimu na mwanafasihi moja kwa moja.

Mahoo imechaguliwa kuwa mfano kwa sababu ya hali yake ya kilugha. Ni wadi mojawapo ya jimbo la Taveta katika Kaunti ya Taita Taveta, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Jina la kaunti limewafanya watu wengi wadhani kwamba Kitaita na Kitaveta ni lugha moja yenye majina mawili. Sivyo hata kidogo. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Kitaita ni E74, na ndani yake mna Kidawida na Kisaghala. Kitaveta ni G21, nacho kimepangwa pamoja na Chasu, G22, kinachosemwa ng'ambo ya mpaka huko Upare. Aidha, katika eneo hilo husikika pia Kikamba na Kichaga, na Kiswahili ndicho kiungo cha wote. Wala maandishi si jambo geni huko, kwani wamisheni wa CMS walikuwa na mtambo wao wa kuchapia, na tangu mwaka 1895 walichapa jarida lililoitwa Taveta Chronicle. Kilichokosekana katika karatasi zile, kama ilivyokuwa katika karatasi zote za wakati ule, ni sauti.

Kinasa sauti kilikuja kutatua nusu ya tatizo. Baada ya waraka wa mwaka 1968 wa Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong huko Nairobi, fasihi simulizi ilijipatia nafasi katika masomo ya vyuo, na kaseti ikawa chombo cha kawaida cha mkusanyaji. Lakini kaseti ilikaa sandukuni na daftari likakaa mezani. Hapakuwa na uzi wowote uliofunga mstari wa arobaini wa daftari na dakika yake katika kaseti. Msomaji aliyetilia shaka unukuzi hakuwa na la kufanya ila kumwamini mnukuzi, na imani si mbinu ya utafiti.

Alama na muda

Ukurasa wa wavuti huandikwa kwa maandishi ya kawaida yaliyotiwa alama. Alama huieleza kompyuta kwamba maneno haya ni kichwa cha habari, yale ni aya, na pale pana picha. Lugha ya alama iliyozoeleka, yaani HTML, hapo mwanzoni ilijua mahali tu: juu, chini, ndani ya nini. Haikujua wakati. Upungufu huo ndio uliosababisha kubuniwa kwa lugha nyingine ya alama, SMIL, iliyoidhinishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, tarehe 15 Juni 1998, ili kuweka maandishi, sauti, picha na filamu katika wakati mmoja uliopangwa. Mkusanyiko wa vyombo hivyo ndio unaoitwa medianuwai, na kitendo cha kuvifungamanisha kwa wakati ndicho ulandanishi.

Sarufi ya SMIL ni ndogo, na mwanaisimu ataiona kuwa ya kupendeza. Ina viunganishi viwili vikuu. Cha kwanza, «seq», husema kwamba vijenzi vilivyomo ndani yake vinafuatana: cha pili hakianzi mpaka cha kwanza kiishe. Cha pili, «par», husema kwamba vijenzi vinakwenda sambamba. Viunganishi hivi huweza kuingizwa kimoja ndani ya kingine, kama kishazi ndani ya kishazi, na kila kijenzi huweza kupewa mwanzo, muda na mwisho. Mwanzo wenyewe huweza kutajwa kwa namna mbili: ama kwa hesabu ya sekunde tangu wonyesho uanze, ama kwa kurejelea tukio jingine, mathalani «anza sauti ile itakapokoma». Tofauti hiyo ni ya msingi. Ya kwanza hupima wakati kwa saa, ya pili huupima kwa uhusiano wa matukio, na kila mtu aliyewahi kushughulika na njeo na hali za vitenzi vya Kibantu anajua kwamba mambo hayo mawili hayalingani.

Ichukuliwe fomula ya kufungulia hadithi inayojulikana na kila msemaji wa Kiswahili. Kitabu huipanga kama tamthilia: msimulizi mstari wa kwanza, hadhira mstari wa pili. Huo ni mpangilio wa «seq». Lakini yeyote aliyekaa barazani jioni anajua kwamba hadhira iliyochangamka haingoji. Katika rekodi, mwitiko huanza wakati silabi ya mwisho ya msimulizi ingali hewani. Katika namna ya uandishi iitwayo WebVTT, ambayo itaelezwa hapa chini, hali hiyo ingeandikwa hivi, ikiwa msimulizi ametumia sekunde moja na nukta nne na hadhira imemdakia mapema kidogo:

00:00:00.000 --> 00:00:01.400
Paukwa!

00:00:01.200 --> 00:00:02.300
Pakawa!

Sehemu mbili za kumi za sekunde zilizopandana hapo si kasoro ya rekodi. Ndiyo hadhira yenyewe. Hadhira iliyochoka huitika baada ya kimya, na hadhira ya watoto waliolazimishwa kukaa huitika kwa kuchelewa zaidi. Kitabu huziandika zote kwa herufi zilezile. Mhariri anayechagua kati ya «seq» na «par» anatoa hukumu juu ya uhusiano wa msimulizi na wasikilizaji wake. Hukumu hiyo haiwezi kuachiwa fundi.

Kuamua mstari

Jambo gumu kuliko yote si alama, bali ni kuamua kipande kinachotiwa alama. Muda hauwezi kupewa «hadithi». Hupewa mstari, na mstari wa masimulizi haupo mpaka mtu aukate. Katika ushairi wa Kiswahili wa kimapokeo tatizo hili ni dogo, kwa kuwa mizani na vina hukata vyenyewe. Hadithi haina mizani ya kuhesabika. Dennis Tedlock, katika kazi yake juu ya masimulizi ya Wazuni wa Marekani iliyotoka mwaka 1972, aliukata mstari mahali msimulizi alipotua. Dell Hymes aliukata kwa kufuata viunganishi na miundo inayorudiarudia. Mijadala ya wafuasi wao ilikuwa mikali kwa sababu karatasi haikuruhusu zaidi ya mkato mmoja: mtu alilazimika kuchagua.

Alama za wakati zimelipunguza makali suala hili, ingawa hazijalimaliza. Programu ya ELAN, iliyoundwa katika Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia ya Lugha huko Nijmegen, Uholanzi, na ambayo hutumiwa sana katika uhifadhi wa lugha, huyaweka maandishi katika safu mbalimbali juu ya rekodi moja. Safu moja yaweza kukatwa kwa vituo, nyingine kwa sentensi, nyingine kwa neno. Faili yake ni maandishi matupu yaliyotiwa alama. Mwanzoni mwake huorodheshwa nukta za wakati, kila moja na jina lake na thamani yake katika sehemu za elfu za sekunde. Kisha kila kipande cha maandishi hutaja jina la nukta anapoanzia msemaji na la nukta anapoishia. Vipande vya tafsiri havina haja ya kuwa na wakati wao: huning'inizwa kwenye kipande cha lugha asilia na kuurithi muda wake. Kwa hadithi ya Mahoo, maana yake ni kwamba Kitaveta ndicho kinachoshika saa, nacho Kiswahili hukifuata. Tafsiri haiwezi kujifanya asili hata ikitaka.

Faida mojawapo huonekana katika tanakali za sauti. Mnukuzi anayetaka kuonyesha kwamba msimulizi ameivuta irabu huandika herufi tatu, au tano, au saba, na hakuna awezaye kusema kwa nini saba. Mkato wenye mwanzo na mwisho hueleza urefu huo bila ubishi, na herufi zikabaki moja au mbili. Nyingine ni toni. Kiswahili kimepoteza toni, na tahajia yake iliyoenea Afrika Mashariki haina alama za kuibebea. Chasu, ndugu wa karibu wa Kitaveta, ni lugha ya toni. Badala ya kusubiri wataalamu wakubaliane juu ya tahajia ya toni, jambo ambalo aghalabu huchukua kizazi, mhariri huweza kuandika kwa tahajia nyepesi na kuuacha kila mstari umrudishe msomaji kwenye sauti. Tahajia itakapopatikana, wakati hautahitaji kupimwa upya.

Upo ulandanishi wa mashine pia. Programu iitwayo aeneas huyasoma maandishi kwa sauti bandia, kisha huilinganisha sauti hiyo na rekodi ya mtu na kukadiria kila mstari unaanzia wapi. Lugha isiyo na sauti bandia yake huweza kuazima ya lugha nyingine, na kwa lugha ya Kibantu inayoandikwa kwa tahajia inayokaribiana, sauti ya Kiswahili huweza kufaa. Kwa usomaji mtulivu, kama wa vitabu vya dini, matokeo huridhisha, na waumini wengi wamekwisha kuona katika simu zao mstari ukipakwa rangi unaposomwa bila kujua kazi iliyofanyika nyuma yake. Kwa masimulizi yenye wimbo, kicheko na wasikilizaji wanaodakia, mashine hupotea njia upesi. Hapo hapana budi sikio la mtu.

Kilichokufa na kilichobaki

Mnamo Septemba 1998 kampuni za Microsoft, Macromedia na Compaq ziliwasilisha kwa W3C pendekezo la kuziingiza alama za wakati ndani ya HTML yenyewe, chini ya jina la HTML+TIME, na kivinjari cha Internet Explorer kikazielewa. Wavumbuzi wa vivinjari vingine hawakufuata. Aliyeandika wonyesho wake kwa njia hiyo aliuandika kwa msomaji wa kivinjari kimoja tu, nacho kivinjari hicho kilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022, siku ileile SMIL ilipotimiza miaka 24. SMIL iliendelea kukua, toleo la 2.0 mwaka 2001 na la 3.0 mwaka 2008, lakini katika kurasa za kawaida haikuenea kama ilivyotarajiwa. Nafasi yake ilichukuliwa na HTML5, iliyoidhinishwa mwaka 2014, ambayo ina alama zake za sauti na filamu na mahali pa kuambatishia faili ya WebVTT kama ile iliyoonyeshwa juu. Hiyo ni rahisi zaidi, na pia ni maskini zaidi: inajua saa, haijui uhusiano wa matukio.

Hata hivyo SMIL haikufa. Ilihamia kwenye vitabu. Vitabu vya sauti vya DAISY, vilivyokusudiwa wasomaji wasioona, huendeshwa kwayo, na vitabu vya kielektroniki vya EPUB 3, vilivyotoka mwaka 2011, hutumia sehemu yake kufungamanisha kila aya na kipande cha sauti. Kwa mahali kama Mahoo njia hii ina maana kuliko ukurasa wa wavuti, kwa sababu kitabu cha namna hiyo hupakuliwa mara moja kikasomwa simuni bila mtandao. SMIL humtaka mhariri aamue pia jambo ambalo mtandao mzuri hulificha: sauti ikichelewa njiani, maandishi yaisubiri au yaendelee? Katika masimulizi jibu ni moja tu. Yasubiri.

Funzo kwa mhifadhi ni kwamba asiufunge wakati ndani ya chombo cha kuonyeshea. Nukta za wakati ziandikwe katika faili ya maandishi matupu, kando ya rekodi, zikiwa na utambulisho wa lugha kwa kila safu: Kitaveta kina msimbo wake wa kimataifa, «tvs», tofauti na «dav» wa Kidawida na «tga» wa Kisaghala, na kuutumia msimbo wa jirani ni kurudia katika kompyuta lile kosa la jina la kaunti. Kutoka faili hiyo WebVTT, SMIL au namna itakayobuniwa baadaye zote huweza kuzalishwa. Kadhalika msimulizi aulizwe, kabla ya lolote, kama anakubali sauti yake itoke. Jina laweza kufichwa. Sauti hutambuliwa na kijiji kizima kwa neno la kwanza.

Rekodi yenyewe isiguswe. Kikohozi cha sekunde mbili kikikatwa mwanzoni ili kuipendezesha, nukta zote zinazofuata hubaki pale zilipokuwa, na hadithi nzima huandikwa sekunde mbili nyuma ya msimulizi. Asiyetaka kikohozi kisikike na aanzishe onyesho katika sekunde ya tatu kwa alama, ambayo mwingine ataweza kuiondoa.