UVIMBE KATIKA FIGO: USIOGOPE, LAKINI USIDHARAU



Katika kiwanda cha Shituru, ambako kazi ya kutoa shaba kwa umeme ilianza mwaka wa 1929, kila mtu anajua maana ya kuchuja. Mwili wako nao una vichujio: mafigo mawili, kila moja upande wake wa mgongo, chini ya mbavu. Kwa siku moja yanachuja lita 180 hivi. Karibu zote zinarudi katika damu, na lita 1 au 2 tu zinatoka kama mkojo.

Si kila uvimbe ni kansere

Pengine munganga atapima tumbo lako kwa ekografi kwa sababu nyingine, akute uvimbe katika figo. Usikate tamaa. Mara nyingi ni kifuko cha maji tu. Kama ukuta wake ni mwembamba na maji ni safi, hakiombi dawa. Uvimbe mwingine unaitwa anjiomiolipoma: ni mafuta, nyama na mishipa ya damu pamoja, na unapata zaidi wanawake. Wa tatu ni onkositoma. Huo si kansere, lakini katika picha unafanana nayo sana.

Munganga anatambua namna gani?

Ekografi ni mwanzo. Skaneri inaonyesha kama ndani kuna mafuta. Yakionekana, karibu kila mara ni anjiomiolipoma. Picha zisipotosha, wanganga wanatoa kipande kidogo kwa sindano na kukichunguza, ama wanapasua.

Matunzo

Uvimbe mdogo usiosumbua unachungwa tu: rudi kupimwa siku uliyopewa, hata kama husikii maumivu. Anjiomiolipoma ikipita sentimeta 4, hatari inaongezeka: mishipa yake inaweza kupasuka na kumwaga damu ndani. Hapo wanganga wanaweza kuziba mshipa unaoilisha kwa mpira mwembamba unaopitishwa katika kinena, ama kukata uvimbe na kuacha sehemu nzima ya figo.

Shika haya

1. Damu katika mkojo usiifiche, hata ikikatika yenyewe. Inaweza kutoka kwa bilharzia, mawe ya figo, uvimbe ama kansere. Kwa macho huwezi kutofautisha.

2. Unajua una uvimbe, na umeanguka kazini ama umepigwa ubavuni? Mwambie munganga siku ile ile. Maumivu makali ya ubavu pamoja na kizunguzungu: hospitali mara moja, usingoje mwisho wa zamu.

3. Bibi yako ana anjiomiolipoma na amepata mimba? Amwambie munganga mapema, maana mimba inaweza kuikuza.

4. Usitafute mizizi ya kuyeyusha uvimbe. Mizizi mingine inaharibu figo lenyewe.

Mashine tunaikagua mbele haijavunjika. Figo nalo lataka vivyo hivyo.