Jipu ya kikundi: kabla ya kuhesabu magunia, tusome kibati



Juma lililopita mama mweka hazina wa kikundi kimoja cha AVEC, hapa kwetu Bukavu, alinifuata shuleni saa ya mapumziko na karatasi mkononi. "Mwalimu, tuhesabie." Wamepata jipu ndogo iliyokwisha tumika, dola 6,800. Komisioneri amewaambia kwamba nyuma ina atelaji tayari, kwa hiyo watafunga remorki na kuteremka Kamanyola kila Jumanne kuleta magunia 12 ya mihogo, kila gunia kilo 100. Deni litaisha kwa mwaka mmoja. Hesabu ya dola ilikuwa safi kabisa. Ya kilo haikuwepo.

Mimi si fundi. Nafundisha hesabu na fizikia, na habari ya magari nilijifunza kwa kununua moja baya. Lakini kilo ni kilo.

Fungua mlango wa shoferi, tazama kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Kwenye gari lililotengenezwa kwa soko la Ulaya utakuta kibati chenye mistari minne ya uzito. Wa kwanza ni uzito wa juu wa gari lenyewe na vyote vilivyomo: watu, mizigo, mafuta. Kwenye karatasi za Kifaransa unaitwa PTAC. Wa pili ni uzito wa juu wa gari pamoja na remorki yake, PTRA. Ya tatu na ya nne ni uzito ambao ekseli ya mbele na ya nyuma inaweza kubeba. Ukitoa wa kwanza katika wa pili, unapata kilo ambazo gari lililojaa linaruhusiwa kuvuta.

Tuseme kibati kinasema 2,000 na 3,200. Jibu ni 1,200. Mama mweka hazina alifurahi: magunia 12 kamili! Hapana, mama. Remorki nayo ina uzito wake. Ikiwa na kilo 300, zinabaki 900, yaani magunia tisa.

Na hata hayo tisa ni kwa remorki yenye freni zake. Hizi zetu zinazochomelewa kwenye garaji za mtaani, ni ngapi zina freni? Mimi sijaiona hata moja. Kanuni ya Ulaya kwa remorki isiyo na freni ni kwamba isizidi nusu ya uzito wa gari tupu, wala isipite kilo 750. Gari tupu la kilo 1,450 litavuta basi 725. Toa 300 za remorki: zinabaki 425. Magunia manne.

Mama alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Lakini moteri ina nguvu." Naam, huenda ingevuta hata kumi na mawili mpaka juu. Kuvuta si kusimama. Mnaijua Ngomo: kona, vumbi, na upande mmoja hakuna kitu cha kukushika. Kila panapoteremka, remorki ndiyo inayosukuma gari, na freni za gari dogo zinabeba kazi ya magari mawili mpaka zinapata moto na kuacha kushika. Tena moteri isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 tunazopanda juu ya bahari, na Bukavu iko karibu mita 1,500.

Jipu nyingi za hapa zina usukani wa kuume, zilitengenezwa kwa ajili ya Japani. Kibati chake huonyesha namba ya shasi na aina ya moteri, na mara nyingi mistari ile minne haipo. Msikubali mtu awasomee namba ya gari jingine la jina hilohilo. Toyota RAV4 iliyouzwa Marekani kati ya 2006 na 2012, yenye silinda nne, iliruhusiwa kuvuta karibu kilo 680 tu. Yenye silinda sita, ikiwa na vifaa vya kuvutia, karibu 1,590. Kwa nje zinafanana kama mapacha. Kibati kikikosa mistari, shikeni kanuni ya nusu.

Nikamuuliza pia: atelaji hiyo imevuta nini kabla yenu? Kwangu atelaji ya zamani ni swali, si zawadi. Nendeni asubuhi, moteri ikiwa baridi. Fungueni kifuniko cha mafuta ya moteri. Mkikuta utelezi mweupe kama maziwa, huenda maji yameingia ndani. Kama gia ni otomatiki, vuteni kijiti cha kupimia mafuta yake ikiwa kipo: yakiwa meusi na yananuka kuungua, gari limechoshwa. Langu lilinuka hivyo. Muuzaji akaniambia ni harufu ya gari kukaa juani, nami mwenye diploma nikaamini. Lalieni chini mtazame shasi palipofungwa atelaji, kama kuna nyufa au rangi mpya iliyopakwa mahali pamoja tu. Mwisho, namba ya shasi ifanane na ya karte roze na ya karatasi za DGDA, herufi kwa herufi.

Jumamosi wamama watano walikwenda na fundi wao, si wa komisioneri. Nyuma palikuwa na rangi mpya. Walirudi na pesa yao yote, na komisioneri hajawasalimia tangu siku hiyo. Sasa wanapanga jambo jingine: mihogo ije kwa lori la kukodi pamoja na kikundi cha jirani, na jipu, wakiipata nzuri, iwe ya kufikisha unga sokoni, bila remorki. Mweka hazina ameanza karatasi mpya. Safu ya kwanza ameiandika "kilo".