Mcheza Ugenini Atuzwa na Nani?

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Je, mcheza ugenini atuzwa na nani? Swali hili hunijia kila niwasikiapo vijana wetu wakizungumza juu ya kwenda Ulaya kucheza kandanda, kana kwamba huko fedha huokotwa njiani. Ndipo huwapa habari za Arthur Wharton.

Bwana huyu alizaliwa Accra mwaka 1865, katika Gold Coast ambayo leo ni Ghana. Babake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti kutoka Grenada, na mamake alitoka katika ukoo wa kifalme wa Wafante. Alipelekwa Uingereza asome ili naye awe mhubiri, lakini michezo ikamteka. Mwaka 1886, katika mashindano makuu ya riadha mjini London, alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10. Alikuwa pia mlinda lango hodari, na mwaka 1887 alifika nusu fainali ya Kombe la FA pamoja na Preston North End.

Wengi wakimsifu huishia hapo. Mimi, msomaji wangu, nataka tumfuate mpaka mwisho.

Mwaka 1889 aliingia Rotherham Town kama mchezaji wa kulipwa, na wengi humhesabu kuwa mtu mweusi wa kwanza kulipwa kwa kucheza kandanda. Mwaka 1894 Sheffield United ya daraja la kwanza ilimchukua, ila lango lilikuwa na mwenyewe, William Foulke, pandikizi la mtu. Wharton akacheza mechi chache tu. Baadaye alizunguka katika vilabu vidogo vya miji ya viwanda: Stalybridge Rovers, Ashton North End iliyofilisika mwaka 1899, na mwisho Stockport County ya daraja la pili, alikostaafu mwaka 1902.

Mtaji wa mwanakandanda ni mwili wake. Ukichoka, na riziki hukatika. Wharton aliishia kuwa kibarua katika machimbo ya makaa ya mawe huko Yorkshire. Alifariki Desemba 1930, akazikwa Edlington katika kaburi lisilo na jiwe wala jina. Jiwe liliwekwa mwaka 1997, kwa juhudi za watu waliopinga ubaguzi katika kandanda. Mwaka 2014 akasimamishiwa sanamu katika kituo cha kandanda cha St George's Park. Heshima ni njema, lakini marehemu hali sanamu.

Sisemi vijana wasisafiri. Nasema wajue kwamba wanaotokea katika televisheni ni wachache, na wanaohangaika katika ligi za chini ni wengi. Basi kijana na aulize: mkataba ni wa miaka mingapi? Nikivunjika goti, nani atanitibu? Mpira ukinitupa, nitashika kazi gani? Naye mzazi asiuze shamba kabla ya kuyapata majibu hayo kwa maandishi.