Kupimwa Damu Kidoleni

Ndugu mkulima wa Ahero au Muhoroni, homa ya malaria na safura hupunguza damu. Mtoto akichoka upesi, usimtazame macho tu ukasema ni mzima. Mpeleke akapimwe. Mganga atamchoma kidole (atalia kidogo, mwache alie), atafuta tone la kwanza, kisha tone lifuatalo ataliingiza katika kipande chembamba cha plastiki na kukitia katika mashine ndogo inayoonyesha hesabu ya wekundu wa damu. Usihimize kidole kikamuliwe kwa nguvu: maji ya nyama huchanganyika na damu, na hesabu hudanganya. Ikiwa chini ya gramu 7 katika desilita moja, usingoje siku ya soko. Nenda naye hospitali siku ile ile.