Mizani mpya, mwongozo wa msimu uliopita

Pamba ikishaanza kuingia kwenye vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) vya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, karani hana muda wa kusoma kitabu. Anapima, anabonyeza, anatoa stakabadhi. Mizani ya kidijitali watu wameizoea. Biashara ya programu zinazopiga hesabu nyuma yake ndiyo haijatulia.

Kijana mmoja wa Bariadi, anayeishi kwa kufunga mifumo hiyo na kufundisha makarani, ana lalamiko moja asilochoka kulirudia: kilichomo kwenye mwongozo sicho kilichopo kwenye kioo. Bei dira ya pamba haikai (Sh1,200 kwa kilo mwaka 2019, Sh810 mwaka uliofuata), makato ya pembejeo nayo yana mambo yake. Kwa hiyo programu hurekebishwa usiku mmoja, mwongozo ukabaki vilevile, ukielekeza kitufe kilichokwisha kuondolewa. Karani akikwama, mkulima anasubiri juani na magunia yake, na simu anapigiwa kijana. Kazi hiyo, anasema, halipwi hata vocha.

Dawa anayoitaka watengeneza programu wanaijua. Mwongozo unaandikwa kwa maandishi ya kawaida na kuwekwa kwenye Git, mfumo unaotunza kila badiliko la faili, pamoja na msimbo. Kila badiliko likitumwa, seva inaujenga upya yenyewe, inakagua viungo vilivyokatika na kuijaribu mifano iliyomo. Kitu kikigoma, badiliko halipiti. Gharama si kisingizio: huduma moja kubwa ya kigeni inatoa dakika 2,000 za kazi hiyo kila mwezi bure.

Ukiuliza maofisini, jibu ni kwamba mafunzo yalitolewa na mfumo uko sawa. Huenda. Ila karatasi ya mahudhurio haimsaidii karani aliyekwama.

Hata hivyo seva haisomi kama karani. Itapitisha sentensi isiyoeleweka alimradi kiungo kinafunguka, na picha ya kioo cha zamani itaiacha ilipo. Kijana anaona hilo ni dogo. Mimi sina hakika. Tena vyama vingi huanza kwa kuuliza bei ya mizani, na mkataba usipotaja mwongozo, mtengeneza programu hana cha kumharakisha.

Kiongozi wa AMCOS, kabla msimu haujafunguliwa, tazama namba ya toleo iliyo kwenye mwongozo wako, kisha uilinganishe na ile ya kwenye kioo.