KUHIFADHI NAKALA ZA MAKABRASHA YA KOMPYUTA YA NYUMBANI

Wakaazi wa Raskazone, rasi iliyoko mashariki ya mji wa Tanga, wanazifahamu athari za upepo wa bahari. Bati huliwa na kutu, bawaba za milango hugoma, na chombo chenye waya huanza kudhoofika ndani kwa ndani kabla mwenyewe hajatambua. Kompyuta ya nyumbani haisalimiki. Ikiongezwa na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, hali ambayo wenzao wa Unguja na Pemba nao si wageni nayo, haishangazi diski kufa ghafla.

Kompyuta hununuliwa nyingine. Lakini picha ya marehemu mzee, hati ya kiwanja iliyopigwa chapa na mashine, au mitihani ambayo mwalimu ameitunga kwa miaka kumi, havina duka. Ndiyo sababu inafaa kuwa na nakala ya akiba nje ya nyumba, na njia iliyo karibu na wengi hivi sasa ni ile iitwayo wingu.

Jina hilo limewapotosha baadhi ya watu. Hakuna kinachopaa angani. Nakala husafiri kwa mtandao, zaidi kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kama ule wa SEACOM uliofika Dar es Salaam mwaka 2009, na huhifadhiwa katika mitambo ya kampuni, ambayo aghalabu iko nje ya nchi.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Kompyuta nyingi zinazotumia Windows huja na programu ya OneDrive, inayotoa gigabaiti 5 bila ya malipo. Google Drive hutoa gigabaiti 15, zinazochangiwa na barua pepe na picha za mwenye akaunti. Mtumiaji hujiandikisha, huingia katika mipangilio ya programu, kisha huchagua makabrasha anayotaka yahifadhiwe. Ni vyema kuanza na nyaraka, na picha zifuate. Filamu na nyimbo zinaweza kungoja, au zisiwekwe kabisa.

Subira inahitajika. Gigabaiti 10 zikipakiwa kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde huchukua takriban saa 11, na anayetumia kifurushi cha simu anaweza kukikuta kimekwisha asubuhi. Inashauriwa kazi hiyo ya mara ya kwanza ifanywe usiku, kwa mtandao usiopimwa kwa kiasi cha matumizi.

Ipo hadhari moja ambayo wengi huipata baada ya hasara. Programu hizi hulinganisha pande mbili: kinachobadilishwa nyumbani hubadilishwa na huko. Mtoto akifuta kabrasha la picha kwenye kompyuta, wingu nalo hulifuta kwa utiifu. Kilichofutwa hukaa katika pipa la taka kwa siku 30, kisha hutoweka. Aidha, faili lenye alama ya wingu pembeni mwake huenda limebaki katika mitambo ya mbali tu, na mtandao ukikatika halitafunguka. Kwa hiyo wingu peke yake halitoshi. Diski ya nje, inayochomekwa mara moja kwa mwezi, kunakiliwa na kuchomolewa, bado ina kazi yake. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini kusini mwa Afrika, mtandao nchini ulizorota kwa siku kadhaa, na aliyekuwa na diski mezani hakuwa na haja ya kungoja.

Neno la siri liwe refu, lisitumike penginepo, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe. Mtu mmoja anayeaminika katika familia ajue namna ya kuifikia akaunti, kwani Google inaweza kuifuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili, na mauti hayatoi taarifa.

Watumishi wa Serikali wanakumbushwa kwamba maelezo haya yanahusu mali zao binafsi. Orodha ya wagonjwa, majalada ya watumishi au barua za ofisi hazipaswi kuwekwa katika akaunti ya mtu binafsi, hata kama nia ni kumalizia kazi nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, imeweka masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na kama ilivyoelezwa, huko ndiko wingu liliko mara nyingi.

Baada ya wiki chache, mwenye kompyuta aifungue akaunti yake katika kompyuta nyingine, ateremshe faili moja na kulisoma mpaka mwisho. Likifunguka, nakala ipo. Kisha asisahau kuifunga akaunti hiyo kabla ya kuondoka.